Namna ya Kupima Mguu wa Mtu Aliye Hai

Mwalimu wenu wa karakana alinipata shambani nikipalilia mbaazi, akaniomba nije niwafundishe kupima mguu. Nilimwambia kusimama mbele ya darasa siwezi. Sauti yangu hukwama, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini kuandika naandika, nikipewa siku za kutosha. Kwa hivyo nimeandika. Mahali nimekosea Kiswahili mnisamehe, na mahali nimekosea kazi mnisahihishe, maana mashine mnazotumia nyinyi mimi sikuzishika.

Pimeni miguu yote miwili, hata kama ulio mgonjwa ni mmoja. Polio ikishamaliza kazi yake kwa mguu mmoja, ule mzima huwa umebeba mzigo wa mwenzake kwa miaka, na mara nyingi nao umeanza kupinda. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilimtengenezea fundi wa saa mmoja chuma safi kabisa cha kushikilia mguu wa kushoto, na alipokivaa akainuka upande mmoja kama meza ya hoteli mbaya. Alizunguka karakana mara moja, akakaa, akaniuliza kwa upole kama nimepanga aishi kwenye mteremko wa kilima maisha yake yote.

Tena, mtoto akishatembea na chuma kwa muda, kivue mwenyewe uangalie ngozi. Alama nyekundu inayofifia ukiwa bado unakunja mikanda haina shida. Inayobaki mpaka umalize kuongea na mama yake, hiyo kesho ni kidonda. Usimwulize mtoto kama kinamuuma. Mtoto ambaye ametamani kusimama miaka sita atakwambia hakiumi hata kama kinamkata.

Na kiatu kifunguke mpaka vidoleni. Msiniulize nilijuaje. Nilijua kwa kumrudisha mtoto nyumbani na kidole gumba kimejikunja ndani ya kiatu kizuri nilichokipiga rangi hadi kikang'aa.

Siku zile kituo cha walemavu nilikofanya kazi kilikuwa nyumba tatu tu za mawe, upande wa Mumbuni, Machakos. Moja zahanati, moja darasa la cherehani, na ya tatu karakana yetu ambapo tulitengeneza magongo, viatu na vyuma vya miguu. Msaada ulitoka kwa watu wa makanisa ng'ambo ambao wengi wetu hatukuwahi kuwaona. Pamoja na pesa walituma vitu. Mara moja waliteremsha kreti ya buti zilizojaa manyoya ndani, za kutembelea kwenye barafu. Hendriki, fundi mzungu aliyetufundisha kazi, alitoa moja akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akasema mtoto wa Machakos akivaa hii, mguu utakuwa umeiva kabla ya saa sita mchana.

Hatukuzitupa. Tuliyatoa yale manyoya tukayashonea ndani ya mikanda ya paja, na kwa miaka miwili hakuna mtoto wetu aliyechubuka paja. Soli tulizikata tukazivalisha ncha za magongo. Kwa hivyo msidharau msaada, na pia msiupigie magoti. Ufungueni, muangalie una nini cha kukata.

Hendriki alikuja kwa mkataba wa miaka miwili akakaa zaidi ya kumi. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimpelekea kazi mbaya aliivaa kwenye mkono wake kama soksi, akaitazama, akakurudishia. Basi. Ungerudi kwenye benchi ukatafute mwenyewe kosa liko wapi. Nyinyi mwalimu wenu anawaambia kosa. Ombeni asiwaambie mapema sana.

Mimi kabla ya hapo nilikuwa fundi wa masanduku ya maiti. Duka langu lilikuwa kando ya barabara, na miaka ile ya tisini kazi haikuisha. Wazazi wenu wanajua kwa nini. Mahali petu, familia ikifiwa, mtu wa nyumbani alikata kijiti kwa urefu wa marehemu, kutoka utosini mpaka kisiginoni, akaniletea. Ukipokea kijiti huulizi mengi. Unakilaza kwenye mbao, unaongeza upana wa kiganja, unakata. Niliviamini vijiti kuliko futi, kwa sababu futi mtu anaweza kuisoma vibaya.

Kijiti cha mwisho nilikikata mwenyewe. Kilikuwa cha mke wangu, Ndunge. Nilimtengenezea sanduku la saiprasi, nikapiga randa ndani na nje, ingawa ndani hakuna mtu angeona. Wiki iliyofuata niliegemezewa kijiti kingine ukutani, nikakaa nacho siku nzima bila kugusa msumeno. Jioni nilikirudisha kwa wenyewe na kuwaelekeza kwa fundi mwingine. Jirani ndiye aliniambia kituo kinatafuta mtu anayejua mbao, wa kutengeneza magongo.

Siandiki hili ili mnipe pole. Naliandika kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa nililofanya Masii.

Kila mwezi gari la kituo lilienda sokoni huko Masii, na tulipima watoto kwenye veranda ya kanisa. Mimi nilipima, na Mbithe aliandika. Mbithe alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa karakana yetu, msichana wa Kithimani aliyekuja kuvalishwa vyuma miguu yote miwili akakataa kurudi nyumbani mpaka afundishwe kushona ngozi. Wakati huu alikuwa ameshakuwa fundi wa ngozi stadi kuliko mimi. Ulimi wake pia ulikuwa na makali ya kisu cha ngozi.

Siku hiyo, ilikuwa mwezi wa kumi, alikuja mwanamke mzee amebeba mgongoni msichana mkubwa, amemfunga na leso. Msichana aliitwa Mwende na alikuwa na miaka tisa. Miguu yake miwili ilikuwa imelegea tangu utotoni. Bibi yake, Susu Kalekye, maana bibi kwa Kikamba ni susu, alimweleza Mbithe shida yao, na Mbithe akaiandika. Mwalimu mkuu wa shule ya kwao alikuwa amekubali kumpokea Mwende Januari, kwa sharti moja, kwamba afike darasani na chooni kwa miguu yake, kwa sababu pale hakuna wa kumbeba. Susu mwenyewe hangeweza kumbeba zaidi. Mgongo ulikuwa umekataa. Na Januari hiyo ikipita, mwaka ule mwingine Mwende angekuwa mkubwa kuliko watoto wa darasa la kwanza kiasi kwamba angeona haya kukaa nao. Mwende mwenyewe ndiye alisema hilo la haya.

Nilitandika shuka chini nikamwambia alale chali, anyooshe mikono. Halafu nikatoa kijiti.

Hendriki alikuwa amenipa futi ya kitambaa siku yangu ya kwanza. Ilikuwa kwenye msumari karakana, na vumbi lake. Mimi nilikuwa nakata kijiti kwa kila mtoto, naweka alama za goti na kifundo kwa kisu. Nilijiona mjanja.

Susu Kalekye alikitazama kile kijiti, kisha akanitazama mimi.

"Wewe si yule fundi wa masanduku?"

Nikamwambia nilikuwa.

"Mimi nilikuletea kijiti cha mama ya huyu mtoto," akasema. "Nilikikata na mkono wangu. Na sasa umemlaza mtoto wake chini unamkatia chake."

Alisema kwa Kikamba na hakupaza sauti. Mstari wote wa akina mama ulisikia. Aliinama, akamfunga Mwende mgongoni na akashuka ngazi za veranda. Mwende alikuwa ameanza kulia, si kwa ajili ya kijiti, ni kwa ajili ya Januari.

Nawaambia ukweli, sikumkumbuka yule mama. Nilijaribu kukumbuka siku Susu aliponiletea kijiti chake na sikuweza. Vilikuwa vingi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulirudi Mumbuni. Karibu na kituo Mbithe akafungua mdomo.

"Fundi, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini wewe bado unapima watu kama hawatarudi kulalamika."

Nilifikiria maneno hayo siku kadhaa. Ni kweli maiti halalamiki kwamba goti limekaa vibaya. Maiti ana urefu peke yake. Mtu aliye hai anakaa, anachuchumaa, anageuka kuangalia aliyemwita, ananenepa baada ya mavuno. Kijiti hakijui hayo yote. Mimi nilikuwa nimeacha kutengeneza masanduku lakini nilikuwa sijaacha kuyapimia. Nilimwambia Hendriki yote, pamoja na habari ya futi kwenye msumari. Alipangusa ile futi kwenye suruali yake, akanivalisha shingoni, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki iliyofuata niliomba gari litupeleke nyumbani kwa Susu Kalekye. Niliketi kwenye jiwe nje ya boma. Mbithe ndiye aliyeingia, na yaliyosemwa ndani nayajua kutoka kwake.

Alimkuta Susu akisuka kiondo. Hakumbembeleza. Aliketi, akafungua mikanda, akavua vyuma vyake vyote viwili na kuviweka mbele ya yule bibi kama mtu anayeuza. Susu alivishika. Alivuta mshono kwa ukucha, akakunja bawaba ya goti, akapima uzito mkononi, kama vile angekagua kiondo cha mwingine sokoni. Akauliza ngozi ilishonwa na nani. Mbithe akasema ni yeye mwenyewe. Akauliza chuma kilikunjwa na nani.

"Yule umemwacha nje kwenye jua," Mbithe akajibu.

Susu alivirudisha vyuma sakafuni. Kisha akasema, "Mtoto nitampima mimi."

Alichukua nyuzi za katani, akasokota uzi kwenye paja lake palepale, akamsimamisha Mwende mlangoni, amejishikilia kwenye mwimo. Mbithe alionyesha kwa kidole mahali pa kupima, na Susu akafunga fundo kwenye uzi kila mahali, nyonga, mstari wa goti, kifundo, unyayo. Mguu wa kulia uzi mmoja, wa kushoto mwingine. Mbithe alivaa vyuma vyake akatoka, nyuzi zimezungushwa mkononi, na kuniambia nisijaribu kucheka.

Sikucheka. Lakini nilikosea tena, na hili kosa lisikieni vizuri nyinyi mnaopenda vipimo vilivyonyooka. Nilifika karakana nikagonga misumari miwili kwenye benchi, nikavuta zile nyuzi mpaka zikawa ngumu kama waya. Katani mbichi ikivutwa inarefuka. Susu alikuwa amepima uzi ukiwa umelala tu kwenye mguu. Kwa hivyo bawaba za goti zilikaa chini ya goti lenyewe kwa upana wa kidole gumba. Hendriki hakuviona vyuma vile, alikuwa safarini. Ningempa avivae mkononi angenirudishia.

Siku ya kujaribu, Susu alimleta karakana, na Mwende alisimama. Alisimama vizuri, akatabasamu mpaka Mbithe akaangalia pembeni. Alipokaa, mkanda ulimkata nyuma ya goti. Aliendelea kutabasamu. Susu ndiye aliyeinua sketi, akaona, akanigeukia.

"Fundi, hii kazi yako ni mbaya," akasema. "Goti la mtoto liko hapa. Goti lako wewe liko hapa chini. Ulikuwa unaangalia nini?"

Alinisema kwa muda. Akataja uzi wake, mafundo yake, macho yangu, na mafundi wote wa Machakos kwa jumla. Mbithe alijifanya anatafuta sindano sakafuni. Nami nitawaambia jambo ambalo huenda mtaliona la ajabu. Nilifurahi. Tangu nishike randa nikiwa kijana, hakuna mtu aliyewahi kunirudishia kazi kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwake ambaye bado ana siku mbele. Nilimwambia ni kweli, kosa ni langu, nilivuta uzi. Nikamwomba ruhusa nipime tena. Aliangalia mikono yangu kwanza, kwamba haina kijiti. Halafu akasema nipime.

Nilimpima amesimama, Mbithe amemshika kiunoni. Sikumlaza. Nilimwambia apinde mguu kidogo, nikatafuta kwa kidole gumba mahali goti linapogeukia, nikatia alama ya kalamu kwenye ngozi, na nikamwomba Susu aweke kidole chake juu ya alama kabla sijaandika. Aliweka. Akasogeza kidogo kuelekea nyuma, na alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo sikuwahi kupima mtoto bila kidole cha mtu wa nyumbani juu ya alama yangu. Mkitaka jambo moja la kubeba kutoka karatasi hizi, bebeni hilo. Anayemwogesha mtoto anajua goti lake kuliko wewe.

Vile vyuma vya pili nilivimaliza kwa siku nne. Mwende na bibi yake walikaa kituoni karibu mwezi mzima, hadi wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Asubuhi mtoto alifanya mazoezi zahanati, mchana alitembea karakana, kutoka benchi mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Susu alisukia kiondo kwenye kizingiti akihesabu hatua. Alizoea kutupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, siku ya Ijumaa, na kama Mwende ameanguka siku hiyo, alitupunguzia chumvi kama adhabu. Walipoondoka, Mwende alikuwa anazunguka karakana kwa magongo yake mara kumi bila kushika ukuta. Nilikuwa na hakika na kazi yangu. Nilimwambia Hendriki huyu amekamilika, akaitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku shule zilipofunguliwa niliomba lifti kwenye gari la zahanati, nikafika kwao mapema. Nilitaka kuona. Mbithe hakuja, alikuwa na wanafunzi wapya, lakini alinituma niangalie mikanda.

Mwende alikuwa na sare mpya ya kijani. Tulitoka watatu, yeye mbele, mimi na Susu nyuma. Njia ilikuwa ngumu na kavu, alitembea vizuri kuliko kwenye saruji, na nilikuwa nimeanza kupanga namna nitakavyomsimulia Mbithe. Ndipo tukashuka kwenye mto.

Nyinyi mnaijua mito yetu. Mvua ya Desemba ilikuwa imepita, maji yalikuwa yameondoka, na mchanga ulikuwa umebaki laini kama unga, upana wa kama hatua hamsini. Ng'ambo juu ndipo shule ilipokuwa. Hapakuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa nimemfundisha mtoto kutembea mwezi mzima kwenye sakafu ya saruji, na hakuna siku niliyomwuliza bibi yake, ambaye alivuka hapo kila siku ya maisha yake, njia ya shule inapita wapi.

Gongo la kwanza lilizama. Akalichomoa, la pili likazama zaidi, akaanguka kwa ubavu. Susu alikuwa tayari ameshuka, amempa mgongo, amepinda magoti kama alivyozoea, akiniambia bila kunitazama kwamba shika mtoto umpandishe. Kule juu kengele ya kwanza ilikuwa imelia. Tungeweza kumvusha hivyo, lakini mwalimu mkuu angemwona akifika amebebwa.

Mwende alikaa mchangani, akajipangusa uso.

"Susu, ondoka hapo," akasema. "Watu wataona."

Susu hakuondoka. Mwende hakubishana. Aliyaweka magongo mapajani, akaipa shule mgongo, akaweka viganja chini nyuma yake, akajivuta. Visigino vya vyuma viliacha mifereji miwili. Akajivuta tena. Nilipiga hatua moja kumfuata, na bibi yake akanishika shati. Mtoto alivuka mto mzima kinyumenyume hivyo, akitutazama sisi wawili usoni wakati wote. Alipofika ng'ambo alishika mzizi, akajiinua, akafunga kufuli za bawaba za magoti moja baada ya nyingine, nilisikia kila moja ikilia. Akakung'uta sketi. Kisha akageuka na kupanda kile kilima kwa magongo yake, polepole, na alipofika kwenye ua wa shule watoto waliokuwa kwenye mstari waligeuza vichwa, na mstari ukasogea kumpa nafasi.

Tulibaki tumesimama. Susu Kalekye alikuwa bado ameshika shati langu.

"Na sasa," akasema, "asubuhi mimi nitakuwa nafanya nini?"

Hakuwa anatania. Nililijua swali hilo, kwa sababu niliishi nalo nyumbani kwangu tangu Ndunge alipoondoka, na hata leo sijapata jibu zuri la kumpa mtu. Nilishuka mpaka pale magongo yalipozama, nikapiga magoti, nikaingiza vidole kwenye shimo la kwanza nipime kina. Vidole vinne. Ncha ya gongo ingehitaji kipande cha tairi, kipana kama kisosi, lisizame.

Niliposogea kwenye shimo la pili, nilimkuta Susu amefika mbele yangu, mkono wake tayari uko ndani unapima.